Kipande Kilichooza Ndicho Kiolezo

Na Mwandishi Wetu

IKOMBE, katika wilaya ya Kyela, ni kijiji kilichobanwa baina ya milima na maji. Nyuma yake milima ya Livingstone inateremka kwa ghafula hadi ufukweni. Mbele yake limetanda Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofikia mita 700 hivi. Wakisi wa mwambao huo wamejipatia sifa kwa vyungu vyao. Akina mama huvifinyanga kwa mikono, na mitumbwi huvichukua kwenda Matema na Lyulilo, ambako siku ya Jumamosi watu wa Kyela hujaa gulioni kununua.

Mgeni afikapo huko huviangalia vyungu, akavigonga kwa ncha ya kidole asikie mlio wake, akavisifu. Mimi leo nataka tuuangalie mtumbwi unaovichukua, na hasa mtumbwi uliozeeka.

Mtumbwi wa gogo huchongwa kwa tezo kutoka katika mti mmoja. Hauna mshono wala kiungo. Jua likiupasua, mwenyewe huziba ufa kwa lami na kipande cha bati, akaendelea na safari zake. Lakini siku tumbo lake linapooza hakuna duka la kununua tumbo jingine. Hapo itabidi utafutwe mti mwingine, na miti minene ya kutosha mtumbwi si mingi tena kama ilivyokuwa zamani. Tena aghalabu fundi wa kuuchonga huo mpya hana karatasi yenye vipimo. Kiolezo chake ni ule mtumbwi mkuukuu uliolazwa mchangani, pamoja na jicho lake mwenyewe.

Sasa, ndugu msomaji, nikikuambia kwamba shida hiyo hiyo ya mwenye mtumbwi mkongwe inawakosesha usingizi watu wenye magari ya fahari ya Kiingereza, huenda ukacheka. Usicheke upesi. Magari hayo nayo yana mbao ndani yake, mbao hizo zinaoza, na kiwanda kilichozitengeneza kimefungwa zamani. Anayetaka gari lake liendelee kuishi hana budi kumtafuta seremala.

NYUMBA YA FITO

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba gari ni chuma tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa magari ya siku hizi jambo hilo linakaribia kuwa kweli. Lakini magari madogo ya spoti yaliyotengenezwa Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili, na kwa miaka kadhaa baada yake, yalijengwa kama nyumba zetu za udongo. Ukibomoa udongo wa nyumba utakutana na fito. Ukibandua bati la gari hilo utakutana na kiunzi cha mbao.

Mfano mashuhuri ni MG aina ya TC, lililotengenezwa katika mji wa Abingdon baina ya mwaka 1945 na 1949. Yalitengenezwa magari 10,000. Likafuatiwa na TD, ambalo idadi yake ilipita 29,000, kisha TF, lililokoma mwaka 1955. Magari hayo yote yalikuwa na chesisi ya chuma chini, na juu yake kiunzi cha mti uitwao eshi, ndipo mabati yakapigwa misumari kukizunguka kiunzi hicho kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Kampuni ya Morgan, ya mji wa Malvern, ilianza kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na hadi leo bado inatengeneza kiunzi cha eshi kwa ajili ya magari mapya. Hata Jaguar XK120, gari lililowashangaza watu katika maonyesho ya London ya mwaka 1948, lilianza na kiunzi cha mbao kilichovikwa bati la alumini. Yalipotoka magari mia mbili na arobaini hivi kwa mtindo huo, wenye kiwanda wakaona wateja wamekuwa wengi mno, wakageukia chuma mwaka 1950.

Katika hilo la Jaguar kuna jibu la swali la kwa nini mbao. Ili bati lipate umbo la gari kwa pigo moja, kiwanda hununua mashine kubwa na kalibu za bei ya kutisha. Gharama hiyo hurudi tu kama magari yatauzwa kwa maelfu na maelfu. Kiwanda kidogo hakiwezi. Seremala, kwa upande wake, anahitaji msumeno, randa, patasi na gundi, na mafundi wa namna hiyo walikuwa tele Uingereza, kwa kuwa baba zao na babu zao walikuwa wakijenga magari ya kukokotwa na farasi. Walichokifanya ni kuondoa farasi na kuweka injini.

Ipo na sababu ya pili. Chesisi za wakati ule zilikuwa nyembamba, nazo zilijipinda barabarani. Eshi ni mti wenye unyumbufu, hupokea mshtuko bila kuvunjika. Ndiyo maana Waingereza waliutumia kwa mipini ya shoka na nyundo. Kiunzi chake huyumba pamoja na chesisi kisha hurudi mahali pake.

Hizo ni mbao zilizofichika. Ziko pia zile za kuonekana, ambazo mwenye gari huzionea fahari: dashibodi iliyopambwa kwa ngozi nyembamba ya mti wa mjozi, kama katika Triumph TR4A, na usukani wa duara ya mbao iliyokazwa kwa ribiti juu ya alumini. Wazee wetu walioishi mijini miaka ya 1950 na 1960 huenda wanaikumbuka pia Morris Minor aina ya Traveller. Hiyo haikuwa gari la spoti hata kidogo, bali gari la familia, ila mbao zake zilikuwa nje, mtu akadhani ni kabati linalotembea. Mbao hizo hazikuwa pambo. Ndizo zilizoshika sehemu ya nyuma ya gari, hata nchini Uingereza gari la namna hiyo lilipokutwa limeoza mbao lilikuwa likikataliwa na wakaguzi lisiingie barabarani.

MAJI HAYANA HARAKA

Mtu aliyezaliwa Kyela hahitaji kufundishwa jinsi mbao inavyooza. Katika wilaya ile mvua ya mwaka mmoja hupita milimita 2,000, na nguzo isiyo na dawa ikifukiwa ardhini huanza kulainika kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa deni la mabati. Eshi, pamoja na sifa zake zote, ni mti dhaifu mbele ya unyevu. Maji huingia kwa tone moja moja baina ya bati na mbao, hukaa humo bila kupata hewa, na uozo huanza pale pale pasipoonekana. Huku kwetu pangeongezeka na mchwa.

Dalili ya kwanza huonekana mlangoni. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole gumba sasa hushuka. Mwenyewe hulazimika kuunyanyua kidogo ndipo ufunge. Wasiojua hulaumu bawaba. Kumbe nguzo inayoshika bawaba imeoza mguuni, na skrubu zimeshika unga badala ya mbao. Bati la nje bado linang'aa kwa rangi. Nimeona picha za gari la namna hiyo lililobanduliwa bati: ndani yake nguzo ya mlango ilikuwa imebaki kama mkate uliolowa chai.

Hapo ndipo kazi ya kunakili inapoanza, nayo ni kazi yenye adabu zake.

Adabu ya kwanza ni kutokuwa na pupa. Fundi mwenye pupa hung'oa mbao zote mbovu siku moja, akazirundika nje, akajisikia amefanya kazi. Kesho yake hana gari tena, ana rundo la bati lisilojua lisimame vipi. Fundi mwenye busara hufunga kwanza vyuma vya muda kutoka nguzo hii hadi ile, ili nafasi ya mlango isiongezeke wala isipungue. Hupima mshazari wa kulia na mshazari wa kushoto. Hupiga picha. Kisha hubomoa upande mmoja tu, akauacha wa pili usimame kama shahidi.

Kile kipande kilichooza hukitoa kwa mikono miwili kama abebavyo mtoto mchanga. Kikimomonyoka, hukishikiza kwa gundi na utepe. Hukilaza juu ya ubao mwembamba na kukizungushia penseli, na hicho ndicho kiolezo. Lakini hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Uozo hula ncha kwanza, na urefu wa kweli umo nchani. Anayekifuata kipande kama kilivyo atatengeneza kipande kipya chenye upungufu ule ule. Atakuwa amenakili uozo. Kwa hiyo fundi hana budi kusoma ishara nyingine: matundu ya skrubu za zamani, alama ya kutu kwenye bati palipokuwa na ukingo wa mbao, mkunjo wa bati lenyewe. Kutokana na hizo hukadiria kile kisichokuwapo tena.

Ndipo huchagua mbao. Iwe kavu, kanuni ya zamani ya Waingereza ni mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi moja ya unene, ingawa siku hizi yapo matanuri ya kufanya kazi hiyo kwa muda mfupi zaidi. Isiwe na kifundo. Nyuzi zake zifuate urefu wa kipande, kwa sababu pale nyuzi zinapokatwa mkingamo ndipo kipande kitakapovunjika. Sehemu iliyopinda sana, kama ile inayozunguka gurudumu, haikatwi katika ubao mmoja. Morgan huchukua mbao tatu nyembamba za eshi, huzipaka gundi, huzibana pamoja juu ya umbo la mviringo na kuziacha zikauke, zikawa kitu kimoja kilichopinda bila uzi hata mmoja kukatwa.

Kipande hukatwa kikiwa kikubwa kuliko kinavyotakiwa, kisha hupunguzwa kwa randa kidogo kidogo, kikijaribiwa mahali pake kila mara. Hakuna uso wake mmoja unaosimama wima juu ya mwenzake; kila mmoja umeegemea kwa pembe yake. Viungo hupunguziana nusu kwa nusu ili vilale pamoja. Kila kitu huunganishwa kikavu kwanza, bila gundi. Mlango hutundikwa, hufungwa, hufunguliwa, hufungwa tena. Tofauti ya upana wa punje ya mchele kwenye mguu wa nguzo huwa upana wa kidole kwenye kitasa. Mlango ukikubali ndipo hutiwa gundi isiyoogopa maji, na skrubu za shaba nyeupe au zilizopakwa zinki, kwa kuwa skrubu ya chuma kitupu hushika kutu, na kutu nayo hula mbao iliyo jirani. Ncha zote hunyweshwa dawa. Mwisho kabisa bati hurudishwa, na kazi yote hiyo isionekane tena na mtu.

Juu ya dashibodi sitasema mengi, maana ni kazi ya macho zaidi kuliko ya nguvu. Ile ngozi ya mjozi ina unene wa nusu milimita na zaidi kidogo. Fundi huchukua mapande mawili yaliyofuatana katika gogo, akayafungua kama kitabu, ili michirizi ya kushoto iwe kivuli cha michirizi ya kulia. Ni maridadi kweli, lakini nakiri kwamba moyo wangu uko kwenye ile nguzo ya mlango.

TENDEGU LA MAMA

Nina sababu yangu. Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu kulikuwa na kitanda cha mbao chenye matendegu ya kukerezwa, ambacho mama yangu alikipenda kuliko chombo chochote. Siku moja tendegu likaoza kwa unyevu wa sakafuni na kukatika. Baba akaagiza fundi aitwe. Mimi, kwa kutaka kuonekana kijana mwenye msaada, nikalichukua lile tendegu bovu nikalitia jikoni, likaivisha maharage.

Fundi alipofika, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani, alikizunguka kitanda mara moja akauliza, "Mama, tendegu lililokatika liko wapi?"

"Huyu mwanao amelichoma," mama akajibu.

Mzee yule hakunigombeza. Alinitazama tu, kisha akainama kupima tendegu la upande wa pili. Lakini nalo lilikuwa limelika chini, wala halikuwa sawa na mwenzake tangu mwanzo, kwa sababu aliyekitengeneza kitanda alikereza kila moja kwa mkono. Tendegu jipya lilikuja zuri, likang'aa kwa vanishi, na kitanda kikayumba. Kwa miaka mingi kilisimama juu ya kipande cha kigae.

Nilipokuja kusoma habari za magari ya MG nilikutana na jambo lile lile. Mafundi wanaonya kwamba mtu asichukue nguzo nzima ya kushoto akaigeuza iwe kiolezo cha kulia, kwa kuwa magari hayo yaliunganishwa kwa mikono na pande zake mbili hazilingani. Ziko siku hizi karakana huko Ulaya na Marekani zinazouza kiunzi kizima kipya, vipande vyote vikiwa tayari, na nyingine hukata kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Hata hivyo mnunuzi hupelekewa vipande vyenye ziada, avipunguze mwenyewe kwa randa kulingana na gari lake. Mashine hukata ilichopimiwa. Haijui kwamba mwaka 1948 seremala fulani wa Kiingereza, pengine akiwa na njaa ya mchana, alipiga msumari kando kidogo.

KWETU JE?

Mtu aweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: gari la anasa la Mwingereza linamhusu nini mfanyakazi anayegombania daladala saa kumi na mbili asubuhi?

Nitamjibu kwa kumpeleka Unguja. Huko yako magari ya abiria yaliyojengwa bodi ya mbao juu ya chesisi ya lori, yenye mabenchi ya pembeni na paa la kubebea mizigo, yaliyokuwa yakiwachukua watu na mazao kutoka mashamba hadi mjini. Bodi hizo ni kazi ya maseremala wa Kizanzibari. Chesisi ilikuja kwa meli, lakini gari lilizaliwa chini ya mwembe. Bara nako tumeyajua malori yenye bodi za mbao, na Dar es Salaam iliwahi kuwa na zile gari zilizoitwa "chai maharage", ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wako hotelini. Seremala aliyebadilisha ubao wa lori la namna hiyo alikuwa akifanya kazi ya yule wa Uingereza, tofauti ni kwamba hakuna aliyemwandikia kitabu.

Wajenzi wa majahazi wa Unguja, Pemba na Lamu wanakwenda mbele zaidi. Wakitafuta taruma, yaani mbavu za chombo, huingia msituni kutazama matawi yaliyopinda kwa asili, ili nyuzi za mti zifuate mpindo wenyewe. Hawachori ramani. Vipimo vyote vimo kichwani na mkononi.

Hapo ndipo hatari ilipo, na hatari hiyo si ya kubuni. Zamani mwambao huu ulikuwa na chombo kiitwacho mtepe, ambacho mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ilitoweka katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na mafundi wake wakafuata. Mwaka 2003, ilipotakiwa kutengenezwa nakala yake kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Beit el Ajaib, hapakuwa na mtepe mmoja wa kuupima wala mzee aliyewahi kuushona. Ilibidi watu waanze na vielelezo vidogo vilivyohifadhiwa na maandishi ya walioviona vyombo hivyo wakati vinaelea. Chombo kilijengwa, na ni jambo la kujivunia. Lakini fikiri juu ya jambo hilo: Mwingereza mwenye MG lililooza ana kipande mkononi, hata kama ni unga. Sisi kwa mtepe hatukuwa nacho hata hicho.

MNINGA AU ESHI?

Tuseme basi gari la namna hiyo limemfikia seremala wa Keko, au kijana aliyehitimu useremala katika chuo cha VETA. Atumie mti gani? Eshi haioti kwetu. Tena hata huko kwao imepata msiba: ugonjwa wa ukungu unaoikausha tangu majani hadi shina uligunduliwa Uingereza mwaka 2012, na umeua miti mingi sana.

Maoni yangu ni kwamba atazame mninga kwanza. Mninga haujikunji wala haujitanui sana majira yanapobadilika, nao huvumilia unyevu na mchwa kuliko eshi. Ubaya wake ni kwamba haupendi kupindwa kwa mvuke. Sehemu za mviringo itabidi zijengwe kwa mbao nyembamba za kugandishwa. Kwa usukani na dashibodi upo mkangazi, ndugu wa mahogani, ambao wataalamu wa miti waliwahi kuuita kwa Kilatini Khaya nyasica, yaani mkangazi wa Nyasa. Basi mti mmoja wa kufaa gari la Mwingereza ulipewa jina la ziwa lile lile la Ikombe.

Wako watakaopinga. Katika mashindano ya magari ya zamani yanayofanyika Nairobi, ambako waamuzi huchungulia hadi chini ya gari, kila kitu kikiwa kama kilivyotoka kiwandani hupata alama, na mti mgeni ndani ya mlango waweza kuonekana kama uongo. Sikubaliani nao kabisa. Uongo ni kuuza kitu kipya kwa jina la kitu cha zamani. Fundi akiandika mwaka na jina la mti kwenye uso wa ndani wa nguzo, kama wafanyavyo baadhi ya watengenezaji wa majengo ya kale, hamdanganyi mtu, na atakayelifungua gari hilo baada ya miaka 50 atamshukuru.

Wala miti hiyo isichukuliwe kama mali isiyokwisha. Tangu mkutano wa Panama wa Novemba 2022, mninga, mkangazi na mkongo wa Afrika umo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Kuipeleka nje kunahitaji vibali. Uzuri wa kazi hii ni kwamba haili msitu. Nguzo mbili za mlango ni ubao mmoja mzuri. Thamani iko katika saa za fundi.

Je, kazi hii ina riziki ndani yake? Nisimdanganye kijana yeyote: magari ya spoti ya Kiingereza yenye kiunzi cha mbao ni machache mno katika nchi yetu, na anayefungua karakana kwa kuyasubiri hayo atakufa njaa. Lakini mikono iliyojifunza kunakili nguzo iliyooza ndiyo mikono inayohitajiwa na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Inahitajiwa pia na mashua, na viti vya makanisa na misikiti, na makabati ya ndoa ambayo mabinti wanayaona mazito na ya kizamani hadi siku wanapouliza bei ya jipya. Katika vyuo vyetu mwanafunzi hupewa mchoro na kuambiwa atengeneze meza mpya. Napendekeza, kwa heshima zote kwa walimu, kwamba mara moja kwa muhula apewe kiti kilichovunjika bila mchoro wowote, na asiruhusiwe kukitupa.

Kitanda cha mama bado kipo. Miaka michache iliyopita tendegu jingine liliachia. Nilipokwenda kumwamkia nilimkuta amelifunga lile bovu ndani ya kanga, vipande vyake vyote pamoja na vumbi lake, na kulisukuma mvunguni, mbali na jikoni. Akaniambia nikae kwenye kiti, nisiguse kitu chochote, hadi fundi aje.